Jinsi Nilivyowashukuru Wajerumani

Jumatatu, 6 Julai

Baridi kali. Kikao cha kamati ya maji ya kigango kimechukua saa tatu, na kwa mara ya kwanza sikusinzia. Wajerumani wanakuja Jumapili. Ndio hao waliotuchimbia kisima hapa Mshangano mwaka jana, wakatuletea pampu ya sola na tanki la juu ya mnara. Kabla ya hapo wake zetu walikuwa wakishuka bondeni na ndoo. Mwenyekiti kasema itapendeza wageni washukuriwe kwa lugha yao wenyewe. Kauliza nani anajua Kijerumani.

Osmund, katibu wetu, mtu wa kujipendekeza tangu tukiwa darasa la pili, kainua simu yake mpya. Kasema simu inajua. Unaiambia Kiswahili, yenyewe inasema Kijerumani, tena kwa sauti ya kike.

Sikuweza kuvumilia. Nilisimama nikasema kumshukuru mtu kwa simu ni sawa na kutuma mshenga kwenye msiba wa mkweo. Wazee wakaguna kwa kukubali. Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikasema mimi, Hironimus, Kijerumani ninacho, nimerithi kwa babu. Ukweli ni kwamba babu alikuwa na suruali ya Kijerumani. Hilo la suruali sikulisema.

Nimechaguliwa kwa kura kumi na moja dhidi ya tatu.

Sababu yenyewe naiandika hapa, maana shajara haina masikio. Mwaka juzi, kigango kimoja huko Namtumbo, msemaji aliyewashukuru wageni wao alialikwa Ujerumani wiki tatu. Alirudi na koti linalofika magotini. Analivaa hadi leo, hata Desemba. Hakuna anayembishia neno.

Kunegunda, mke wangu, ambaye ni mwenyekiti wa kina mama wa maji na ndiye anayeshika ufunguo wa koki, kaniuliza najua maneno mangapi. Nikamwambia lugha haihesabiwi kama mayai.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Taifa limepumzika, mimi niko masomoni. Nimeazima simu ya Kunegunda. Ndiyo, simu. Kushukuru kwa simu ni aibu, kujifunza kwa simu ni elimu.

Nimeiambia: asanteni sana kwa msaada wenu. Ikajibu. Nimeandika daftarini kama nilivyosikia: Filen dank fia ire hilfe. Nikairudia mara arobaini. Neno la mwisho tu ndilo linalokaa kichwani, hilfe. Mengine yanaingia mlango wa mbele na kutokea uani.

Kunegunda alikuwa anachagua maharage. Bila kuinua kichwa, akaisema sentensi nzima, laini kuliko simu. Nikamwomba asinichanganye. Kasema hilo neno la mwisho linafanana na hila, ndiyo maana halinitoki.

Halafu nikagundua tatizo kubwa zaidi. Nimeipima sentensi kwa saa ya mkononi. Sekunde tatu. Hakuna mtu aliyepandishwa ndege kwa sekunde tatu. Nahitaji hotuba. Nahitaji Kijerumani cha ndani, kile ambacho simu haikijui.

Jumatano, 8 Julai

Nimekipata. Mzee Aidan wa Mjimwema, fundi seremala mstaafu. Alifanya kazi karakana moja na bruda, mtawa wa kiume, wa Kijerumani kwa miaka kumi na minane. Bruda alishafariki, lakini maneno yake yako yote kifuani mwa Mzee Aidan.

Nikamwamkia shikamoo, nikampa kilo ya sukari na ugoro. Masikio yake yameharibiwa na msumeno wa umeme, kwa hiyo somo lilifanyika kwa kupiga kelele, na majirani walitoka kutazama nani anagombana. Nikamwuliza bruda alikuwa akimshukuruje mtu aliyefanya kazi nzuri.

Mzee hakusita. Kasema kila akimaliza meza au mlango, bruda alikuwa akija, anafumba jicho moja, anaitazama kazi kwa upendo, kisha anasema: Das ist shif. Baadaye anamrudishia ubao na kuongeza: Noh ainmal.

Nikauliza maana. Mzee kasema hakuwahi kutafsiriwa, ila mtu ana akili. Kama kazi ingekuwa mbaya, angerudishiwa ubao? Angefukuzwa. Yeye alirudishiwa ubao kila siku kwa miaka kumi na minane. Kwa hiyo Das ist shif ni "hii ni kazi iliyobarikiwa", na Noh ainmal ni "Mungu akuzidishie".

Siwezi kuipinga hoja hiyo.

Kanipa na zawadi ya kufungia somo, jina la heshima. Bruda hakumwita Aidan hata siku moja. Alimwita Du ezel. Mzee alipolitamka macho yalimlowa. Kasema ni kama kusema "mpendwa", lakini kwa uzito zaidi.

Alhamisi, 9 Julai

Nimefanya mazoezi shambani, kwenye mabua ya mahindi. Mbuzi wa jirani walisikiliza hadi mwisho. Dalili njema.

Wakati narudi nikakutana na Osmund dukani, amezungukwa na watu, anawasimulia kwa mara ya mia kwamba ndiye aliyesimamia msingi wa mnara wa tanki, kila tofali lilipita machoni pake. Aliponiona akatabasamu lile tabasamu lake la katibu. Akaniamkia mbele ya watu kwa Kijerumani cha simu: Guten morgen.

Alitaka nikwame. Nikamjibu papo hapo: Noh ainmal.

Akanitazama. Akarudia: Guten morgen.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nikamwambia tena: Noh ainmal.

Akarudia mara ya tatu, safari hii kwa hasira. Nilipompa Noh ainmal ya tatu, alichukua mkate wake akaondoka. Kasema yeye si mtoto wa chekechea wa kurudishwarudishwa. Sikuelewa alichomaanisha. Nadhani baraka zilimzidi.

Watu wa dukani wamevutiwa sana. Mwenye duka kaniuliza kama ningependa kukaa.

Ijumaa, 10 Julai

Balaa. Wageni wanakuja na mkalimani. Anaitwa Sista Leticia, mtawa aliyesoma Ujerumani miaka sita. Mwenyekiti kaitangaza habari hii akicheka, kana kwamba ni habari njema.

Simwogopi Sista. Lakini mtu wa miaka sita anaweza kuona wivu kwa mtu wa siku nne. Anaweza kusahihisha herufi moja mbele ya watu, na safari yangu ikaishia hapo.

Nimemwomba Kunegunda amwite Sista jikoni wakati wa hotuba, aonje pilau. Kakataa. Kasema kama Kijerumani changu ni kizuri, kwa nini asikisikie anayekijua? Mwanamke huyu angefaa kuwa wakili.

Basi nina mpango mwingine. Spika ya kwaya. Ni kubwa kama kabati, na ukikaa karibu nayo husikii chochote isipokuwa mngurumo. Nimejitolea kupanga viti na vyombo vya muziki. Mwenyekiti kanisifu kwa moyo wa kujituma.

Jumamosi, 11 Julai

Nimepanga viti tangu asubuhi. Kiti cha Sista Leticia kiko hatua moja kutoka kwenye mdomo wa spika. Nimekaa hapo mwenyewe kujaribu wakati kwaya ikifanya mazoezi. Hadi jioni hii sikio la kushoto linapiga filimbi. Bora kabisa.

Osmund alipita akauliza kwa nini Sista amewekwa kule. Nikamwambia ni heshima, watawa wanapenda nyimbo.

Kunegunda kanipigia pasi shati. Kaniuliza kwa upole kama sitaki tuirudie ile sentensi fupi pamoja, ya shukrani. Kasema yeye anaipenda. Kasema tangu maji yaje hajaumwa mgongo, na angependa wageni walijue hilo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yote yamo ndani ya Das ist shif.

Jumapili, 12 Julai

Nitaandika kilichotokea kama kilivyotokea. Nina nguvu za kalamu tu.

Baada ya misa tulikusanyika uwanjani, chini ya mnara. Wageni wawili. Bwana Eckhard, fundi bomba mstaafu, mrefu kama nguzo, na Bi Roswitha, nesi mstaafu, mwenye uso wa huruma. Ndio waliokusanya michango ya kisima huko kwao. Sista Leticia alikaa pale nilipompangia. Kwaya iliimba. Nilimwona akijishika sikio. Nikafurahi.

Nikaitwa. Nikashika kipaza sauti. Umati ukanyamaza kabisa. Kwaya ilikuwa imekaa, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kipaza sauti changu kimeunganishwa na spika ile ile. Hakuna mtu katika uwanja mzima ambaye angenisikia vizuri kuliko Sista Leticia.

Ilikuwa imeshachelewa. Nikainama mbele ya Bwana Eckhard nikasema kwa sauti ya kifua: "Du ezel."

Aligeuka kutazama nyuma yake.

Nikainama mbele ya Bi Roswitha. "Du ezel."

Kisha nikanyoosha mkono juu, kwenye mnara na tanki, zawadi yao kwetu, nikafumba jicho moja kama bruda, nikatamka polepole ili kila neno lifike: "Das ist shif. Noh ainmal!"

Umati ulipiga makofi. Vigelegele. Mzee Aidan, aliyeletwa kwa bodaboda, alisimama na kufuta machozi. Sista Leticia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Bwana Eckhard hakupiga makofi. Aliutazama mnara. Na yeye akafumba jicho moja. Akaenda kwenye gari, akarudi na pima maji ya kupimia unyoofu, akaiweka kwenye nguzo ya mnara. Akaitazama muda mrefu. Akazunguka upande wa pili, akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole. Alipoinuka alisema maneno mawili tu, na moja nililijua. Ni shif.

Sista akanijia. Kaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka Hironimus, haya maneno nani kakufundisha?"

Nikamwambia ni urithi.

Ndipo akanieleza. Nimewaita wageni punda, mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia zawadi yao imepinda. Na Noh ainmal si baraka, ni "rudia tena": niliwaamuru waijenge upya.

Nikaona lazima niokoe jambo. Nikaitafuta ile sentensi ya simu, ya sekunde tatu. Filen haikuja. Dank haikuja. Lilikuja lile moja tu, nikalishika kwa mikono miwili, nikalipigia kelele kwenye kipaza sauti huku nikiwanyooshea wageni mkono: "Hilfe! Hilfe! Hilfe!"

Bi Roswitha aliruka kutoka kwenye kiti kama msichana. Kumbe neno hilo peke yake si asante. Ni kilio cha mtu anayekufa maji. Kabla sijafafanua nilikuwa nimelazwa kwenye benchi la sauti ya nne, miguu juu ya ngoma, shati limefunguliwa vifungo, mpira wa kupimia presha mkononi. Presha ilikuwa juu kweli.

Nikiwa hapo kichwa chini, nilimwona Kunegunda akikiokota kipaza sauti. Akasema: "Filen dank fia ire hilfe." Kisha akaendelea kwa Kiswahili, Sista akitafsiri. Alisema alishuka bondeni miaka ishirini na mbili na ndoo kichwani, mara tatu kwa siku, na mimba nne. Alisema sasa anaamka, anafungua koki, na ule muda uliobaki anakaa tu, anakunywa chai. Alisema hakuwahi kujua asubuhi ina urefu gani.

Akapiga goti, akagonga viganja taratibu kama tunavyofanya. Kina mama wote wakapiga goti nyuma yake. Bi Roswitha aliuacha mkono wangu, mpira na vyote, akalia.

Mimi pia nililia. Lakini kwa sababu ya mkao, machozi yaliingia masikioni.

Jumatatu, 13 Julai

Mnara umepinda kweli. Maji ya koki yalikuwa yakimwagikia upande mmoja wa msingi, na msingi wenyewe ni mfupi kuliko ulioandikwa kwenye mchoro. Bwana Eckhard kasema mvua za Desemba zingeuangusha juu ya foleni ya ndoo. Vijana wa kigango wameyamwaga maji ya tanki. Maji yamefungwa hadi Alhamisi.

Osmund, msimamizi wa kila tofali, hajatoka nyumbani tangu jana. Jioni nilikwenda kwake kumpa pole. Nilikaa saa mbili.

Mwenyekiti ametangaza kwamba nililiona tatizo hilo siku nyingi, nikatafuta njia ya kistaarabu ya kulisema. Sikumkatisha. Lakini Bwana Eckhard naye kaamini. Kaona mimi ni mtu wa jicho kali, na kaniomba niwe msaidizi wake wa zege. Nimepakia mchanga tangu saa moja asubuhi. Kila nikimaliza kupanga mawe anakuja, anafumba jicho moja, anasema shif. Halafu noh ainmal. Sasa hivi maana naijua, na hainisaidii.

Kina mama wanapita na ndoo kwenda bondeni. Hawanisalimii kama kawaida. Kila mmoja anasema noh ainmal na kuendelea na safari.

Jumanne, 14 Julai

Leo nilikuwa na koti mkononi. Karibu.

Saa nne, wakati wa chai, upepo wa baridi ulivuma, nami nilikuwa nimelowa saruji. Bi Roswitha akatoa koti kwenye begi. Jeusi, zito, lenye mifuko sita. Akaninyooshea, akauliza kitu kwa Kijerumani.

Sasa, mtu aliyelelewa harukii kitu cha watu. Nikarudisha mikono nyuma, nikainamisha macho, nikasema kwa adabu zote nilizonazo: "Danke."

Akatabasamu. Akalikunja koti. Akalirudisha kwenye begi.

Nikamkimbilia Sista Leticia. Kasema kwa Wajerumani, mtu akikupa kitu nawe ukasema danke peke yake huku umerudisha mikono, umekataa. Ukitaka unasema ya, bitte. Nikamwuliza ni watu gani hawa wanaokataa kwa asante. Kasema na sisi tunasema "asante, nimeshiba" tukiwa na njaa. Nikamwambia hiyo ni tofauti. Hakuniambia tofauti yake ni nini.

Nikarudi mbio, nikifanya mazoezi njiani: ya, bitte, ya, bitte. Nilimkuta Osmund. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa ajili ya msingi. Wamemsamehe. Simu yake ilikuwa imemfundisha ya, bitte tangu Jumatano iliyopita.

Koti linamfika magotini. Lina hata kofia.

Alhamisi, 16 Julai

Maji yamerudi. Mnara umenyooka kama askari. Bwana Eckhard aliweka pima maji, akaniita nione, akanipiga bega, akasema neno jipya: Gut. Nililielewa bila mkalimani.

Wakati wa kuaga, Sista alisimama kutangaza mwaliko. Mwakilishi mmoja wa kigango, Ujerumani, wiki tatu, Septemba, kwenda kuwaeleza waliochanga maji yamebadilisha nini. Nilifunga kifungo cha shati. Nilipiga hatua moja mbele.

Wamemchagua Kunegunda.

Nimempongeza. Nimemweleza pia kwamba mwanamke msafiri anahitaji mkalimani, na mimi niko tayari. Akanishika mkono, akasema: "Baba Pamela, baki uangalie koki." Kanikabidhi ufunguo mbele ya kina mama wote. Walipiga vigelegele virefu mno kwa jambo dogo kama lile.

Jumapili, 19 Julai

Nimetafakari sana wiki hii na nimeliona kosa. Si langu. Kijerumani ni lugha isiyotulia. Asante ni hapana, msaada ni kilio, na mpendwa ana masikio marefu. Mtu mwenye akili angeanza na lugha nyingine.

Na Mungu hamtupi mja wake. Baada ya misa leo nimesikia kwamba kigango kimoja karibu na Namtumbo kinatarajia Waitaliano mwezi ujao. Wanakuja kufungua madarasa mawili, na kamati inatafuta mtu wa kuwashukuru kwa Kiitaliano. Nimewapigia simu hapo hapo. Nimewaambia Kiitaliano ninacho tangu utotoni.

Mwalimu ameshapatikana. Ni Daimu, kule Mjimwema, aliyekuwa utingo wa lori la Mtaliano mmoja kwa miaka miwili. Anasema hajaona mtu mwenye shukrani kama yule. Kila Daimu alipomwelekeza kurudi nyuma, Mtaliano aliruka kutoka kwenye lori, akatupa kofia chini, akamshukuru hadi mishipa ya shingo ikasimama.

Maneno yote anayakumbuka. Tunaanza kesho saa mbili.